Nati Hukazwa Gari Likiwa Chini

Julai mwaka jana nilikuwa nyumbani Mbebe kwa likizo, nimelala chali chini ya gari la Baba, simu nimeing'ata kwa meno ili tochi yake imulike juu, na kutu inanidondokea machoni. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya falsafa Mlimani. Mwaka mzima nilikuwa nimejadili maswali ya maadili katika vyumba vyenye feni na viti vya plastiki, na hakuna hata moja lililonibana kama lile nililolikuta pale chini, umbali wa shubiri moja kutoka puani.

Nianze na gari lenyewe. Baba alifundisha shule za msingi za Ileje kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipostaafu alichota sehemu ya kiinua mgongo akanunua Toyota IST iliyokwisha kutumika hapa nchini. Kila mtu alimwambia gari lile ni dogo kwa barabara zetu. Ileje ni milima na mabonde. Lami ya kutoka Mpemba hadi Isongole, karibu kilomita 50, ni nzuri, lakini mtu haishi juu ya lami. Kutoka uani kwetu hadi kuikuta kuna mawe, mifereji iliyochimbwa na mvua, na madaraja ya magogo. IST ilitengenezwa kwa ajili ya mitaa ya mijini kule Japani. Kwetu ilibeba magunia ya mahindi, wajawazito wanaowahi zahanati, na mara moja jeneza, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba.

Masika ya mwaka jana likaanza kugonga nyuma. Ukipita korongo, ko! Ukishika breki, ko! Ukikata kona kwa kasi kidogo, mkia ulikuwa unachelewa, kama mtu aliyeitwa jina lake akageuka baada ya kufikiri. Shokapu zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa bushi.

Kwa wasiowahi kuinama chini ya gari: magurudumu mawili ya nyuma ya IST yameshikwa na chuma kimoja kipana ambacho mafundi wetu wanakiita ekseli ya nyuma. Chuma hicho kina mikono miwili inayokwenda mbele, na kila mkono umefungwa kwenye bodi kwa bolti moja nene. Kama chuma kingekutana na chuma pale kwenye bolti, kila jiwe la barabarani lingefika mgongoni kwa abiria. Kwa hiyo katikati huwekwa bushi: mpira mzito uliobanwa kati ya vikombe viwili vya chuma, kikubwa nje na kidogo ndani. Bolti hupita kwenye kikombe cha ndani. Gari likipanda na kushuka, mpira hujikunja kidogo na kujirudisha, mamilioni ya mara, bila mtu kuukumbuka. Siku ukichanika, ndipo unapotajwa.

Baba alikuwa ameamua kuliuza. Sababu mojawapo ilikuwa mimi. Ada ya mwaka wa pili ilikuwa bado, na ile ya mwaka wa kwanza ilikuwa imekula mahindi yote ya ghalani. Mnunuzi alikuwa amepatikana: kijana wa kijiji cha jirani, dereva wa bodaboda, ana mke na watoto wawili, aliyeweka akiba miaka minne ili atoke kwenye pikipiki aingie kwenye gari la abiria. Baba alikuwa amemfundisha darasa la pili. Walikubaliana milioni saba na nusu. Alipoulizwa kama angekuja na fundi wake kulikagua, alicheka.

"Gari la Mwalimu nilikague? Kwani mimi simjui Mwalimu?"

Kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, ni fundi wa kujitegemea Tunduma. Alikuja na kuligeuza gari kidogo, akachomeka mtaimbo kati ya ekseli na bodi, akausukuma, chuma kikacheza kama jino la mtoto. Akatupa njia tatu. Ya kwanza, bushi mpya mbili kutoka Tunduma, shilingi elfu sabini. Ya pili, bushi za mtumba kwa nusu ya bei, ambazo hakuna anayejua zimebakiza maisha kiasi gani. Ya tatu, kukata vipande vya tyubu, kuvishindilia kwa bisibisi kwenye nafasi iliyochanika, na kumwagia grisi.

"Hiyo inakaa mwezi," alisema. "Labda miwili. Kelele inakwisha kabisa."

Nakiri kwamba aliyesema tuchukue njia ya tatu ni mimi. Nilikuwa na hoja zangu. Gari lilikuwa linauzwa hata hivyo. Kijana angebadilisha bushi mwenyewe wakati wake ukifika. Elfu sabini ni hela. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wanaojitetea kwa kuchelewa, kisha akasema, "Yule mtoto nimemfundisha kusoma. Simuuzii gari lililozibwa mdomo." Akaenda kukopa kwenye kikoba chake.

Ijumaa asubuhi tulianza kazi uani. Kaka alinipa kanuni yake ya kwanza: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tukainua nyuma, tukaliegesha gari juu ya magogo mawili mazito, na magurudumu tuliyoyavua tukayasukuma chini ya bodi kama akiba, ili magogo yakiteleza kuwe na kitu cha kulipokea. Bolti zilikuwa zimeloweshwa dizeli tangu usiku. Hata hivyo ya kulia ilituchukua saa nzima, spana ikiwa imerefushwa kwa bomba, mimi navuta, yeye anapiga kwa nyundo ndogo ndogo. Majirani walisimama kwenye ua. Mama mmoja aliuliza kama chuo kimenifukuza.

Bolti zilipotoka tuliishusha ekseli taratibu kwa jeki ya pili, huku tukichunga mipira ya breki isivutike. Kabla hajatoa bushi kuukuu, Kaka alichukua msumari akachora alama kwenye chuma. Mpira wa bushi hizi una matundu kwa makusudi: upande mmoja umejaa, upande mwingine umeachiwa nafasi, ili uwe mgumu kwa nguvu za aina moja na laini kwa nyingine. Ukiigeuza utakuwa umeweka bushi mpya inayofanya kazi kinyume. Kisha tukaukata mpira, tukapitisha msumeno wa chuma ndani ya kikombe cha nje, tukakikata pole pole kwa ndani tukijihadhari tusiujeruhi mkono wa ekseli, na tindo ikamalizia. Bushi ya kulia ilitoka vipande vitatu. Nilivishika mkononi. Vilikuwa vyepesi mno kwa kelele yote ile.

Ilikuwa wakati nasugua tundu la kulia kwa brashi ya waya ndipo rangi ilipobanduka. Nyuma kidogo ya bushi, upande wa juu, mahali ambapo usingeona bila kushusha ekseli, palikuwa na rangi nyeusi nene kuliko kwingine. Chini yake palikuwa na mshono wa kuchomelea, urefu wa kidole changu cha shahada. Mkono ule uliwahi kukatika au kupasuka, ukaungwa, na aliyeuunga akaufunika. Mwisho wa mshono, kwenye chuma kizima, ulikuwa umeanza ufa mwembamba kama unywele.

Nilimwita Kaka. Alilala kando yangu, akapitisha ukucha juu ya ufa, akanyamaza.

"Utakaa?" nilimuuliza.

"Dada, ufa kama huu unaweza kukaa miaka mitano. Na unaweza kukaa mpaka kona ya kwanza."

Dawa yake ilikuwa kubadilisha ekseli nzima: ya mtumba, Tunduma, kama laki nne. Baba hakuwa nayo. Hata ya bushi alikuwa ameikopa.

*

Usiku ule tulikaa jikoni, Julai ya Ileje ikiwa na baridi yake, wote tumeuzunguka moto. Baba aliuliza maswali machache. Aliponunua, muuzaji alimwambia gari halijawahi kupata ajali. Sasa alijua. Aliangalia moto kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kijana hakuuliza."

Nilishtuka kwa sababu mbili. Kwanza, ni Baba yuleyule wa asubuhi. Pili, sentensi ile niliifahamu. Nilikuwa nimeandika insha juu yake.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, Mrumi, alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu. Mwanawe alikuwa mbali, anasoma Athene, kwa ada ya baba yake. Katika sehemu ya tatu Cicero anawakutanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa waliokwisha kufa zamani, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Kesi ni kama hii: mtu anauza nyumba. Yeye peke yake anajua kwamba mbao zake zimeoza na vyumba vina nyoka. Mnunuzi haulizi. Je, aseme? Antipater anasema lazima, kwa maana kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutokujua ni sawa na kumwona aliyepotea njia na kukataa kumwelekeza. Diogenes anajibu kwamba kunyamaza si kuficha. Hakuna aliyemlazimisha mnunuzi. Ana macho, atazame. Kama kila muuzaji angetakiwa kutangaza kila kasoro, biashara ingekuwa kichekesho, mnadi anapaza sauti sokoni kwamba anauza nyumba mbovu. Cicero mwenyewe yuko upande wa Antipater.

Katika insha yangu na mimi nilikuwa upande wa Antipater. Ilinichukua jioni moja. Nilipata alama nzuri.

Pale jikoni, Diogenes alianza kuonekana mtu mwenye akili sana. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni ya Kiingereza, haimbani sana mtu binafsi anayeuza kitu chake kilichotumika; maadamu hakudanganya, kwa sehemu kubwa ni mnunuzi anayepaswa kujihadhari. Mshono ulikuwa umeshika kwa miaka ambayo hatuijui. Na zaidi ya yote, fedha zile zilikuwa ada yangu. Niligundua kwamba nilikuwa nikihesabu hoja huku nikijua tayari jibu ninalolitaka, kama mtu anayepima sukari na kidole kimekaa kwenye mizani.

Kilichonikera zaidi ni bushi. Tulizinunua kwa nia njema, ili kijana asiuziwe gari bovu. Lakini gari lilipokuwa linagonga, lilikuwa linasema. Yeyote ambaye angelipanda angesikia ko!, angeuliza, angetaka kuona chini. Bushi mpya zingeondoa kelele, na pamoja na kelele zingeondoa sababu ya kuuliza. Kazi yetu ya uaminifu ya elfu sabini ingekuwa rangi ya pili juu ya ile rangi nyeusi. Sikuwa nimefikiria kwamba matengenezo ya kweli yanaweza kufanya kazi ya uongo. Asubuhi nilitaka kuziba mdomo wa gari kwa tyubu, Baba akakataa. Sasa tulikuwa tunauziba kwa bushi halisi, na risiti tunayo.

Nilimkumbuka mwenzangu wa bwenini, binti wa Tanga, ambaye nilipomsimulia habari za Cicero alisema hilo kwao ni somo la madrasa. Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Nilipenda pale kwamba muuzaji hakuambiwa asiuze. Nafaka iliyolowa ina bei yake na ina mnunuzi wake. Aliambiwa tu abadilishe kilichoko juu na kilichoko chini.

Nilimwambia Baba. Sikutaja Cicero, nilitaja nafaka. Akanijibu swali ambalo mpaka leo linanizunguka:

"Mwanangu, mimi niliuziwa hivyohivyo. Aliyeniuzia na yeye labda aliuziwa. Kwa nini ukweli uanze kulipiwa na mimi?"

*

Sitalipita haraka swali hili, kwa sababu tunaoandika juu ya maadili huwa tunapenda kulipita. Ukweli una gharama, na gharama hiyo haigawanywi kwa haki. Mwenye mali nyingi husema ukweli kwa punguzo dogo la faida. Mwalimu mstaafu husema ukweli kwa ada ya mtoto wake. Anayemwambia awe mwaminifu ni yuleyule mtoto, ambaye hakulinunua gari, hakukopa kikobani, na anaishi kwa jasho la huyo anayemhubiria. Nilikuwa nataka kuwa mkweli kwa hela za Baba. Hilo pia lina jina lake, na si zuri.

Nimelijibu kichwani mara nyingi. Jibu bora nililonalo ni hili: Baba alikuwa na haki ya kudai, lakini aliyekuwa akidaiwa ni muuzaji wa kwanza. Kijana wa bodaboda hakuwa na deni lolote kwetu. Ukinyang'anywa ng'ombe bondeni, huwezi kwenda kuchukua wa jirani mlimani ukasema hesabu imekaa sawa. Hasara iliyokupata kwa hila haigeuki kuwa hati ya kuipitisha kwa mwingine. Ni jibu zuri. Halikuongeza shilingi hata moja kwenye ada.

Kuna jibu la pili, na hili nililipata kwa kulinganisha Mbebe na Tunduma. Tunduma ni mpakani. Malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, na katikati ya foleni hiyo kila kitu kinauzwa na watu ambao hawatakutana tena. Mnunuzi anakuja na fundi, tochi na mashaka yake. Hata bei imeshabeba mashaka hayo. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Kimarekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa walioshinda Tuzo ya Nobel kwa fikra za namna hiyo. Hoja yake ni nyepesi kuielewa: muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui; kwa kuwa hajui, analipa kama anayetarajia bovu; wenye magari mazuri wakiona bei hiyo wanayaondoa sokoni; wanabaki wenye mabovu. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Akerlof anaonyesha soko ambalo kizuri hakijiuzi, kwa sababu hakuna anayeweza kukitambua.

Diogenes anafaa Tunduma. Kule kunyamaza ni sehemu ya mchezo ambao pande zote mbili wanaujua. Lakini kijana yule hakuacha kukagua kwa uvivu. Jina la Mwalimu ndilo lililokuwa ukaguzi wake. Tungenyamaza, tusingekuwa tumemwachia tu atumie macho yake. Tungekuwa tumetumia imani yake kama kitambaa cha kumfunika macho. Ukimya mmoja una uzito tofauti kutegemea nani anausikiliza.

Haya yote niliyapanga vizuri baadaye. Usiku ule nilijua tu kwamba nimeshaona. Laiti tungempelekea fundi wa mbali gari akabadilisha bushi, tungeliuza na mshono wake tukalala usingizi. Kazi ya mikono yako mwenyewe ina ubaya huo: unapofungua ili uokoe gharama, unajua, na ukishajua, huwezi kurudi kuwa yule asiyejua.

*

Jumamosi tuliingiza bushi mpya. Mashine ya kushindilia hatuna, kwa hiyo Kaka alitumia skrubu ndefu yenye nati mbili, washa nene na kipande cha bomba. Unapaka maji ya sabuni, unalinganisha na alama ya msumari, kisha unakaza nati na bushi inaingia milimita kwa milimita. Mchana tulikuwa tumerudisha ekseli na bolti. Nikachukua spana nikaze.

"Usikaze sasa," Kaka alisema.

"Kwa nini?"

"Gari liko hewani. Ekseli imening'inia. Ukikaza hapa, mpira unashikwa katika mkao huu. Gari likishuka, uzito unakuja, mpira unajipinda, na utabaki umejipinda hata gari likiwa limesimama. Bushi mpya inachanika kabla ya mwaka. Zishike tu kwa mkono. Shusha gari kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze."

Tulirudisha magurudumu, tukaondoa magogo, tukalipandisha juu ya mbao nne ili tupate nafasi ya kuingia. Nikakaza. Nilipokuwa navuta spana niliifikiria ile insha yangu ya jioni moja. Msimamo wangu niliukaza nikiwa hewani. Hakukuwa na ada ndani yake, wala Baba, wala kijana mwenye watoto wawili. Ulikuwa msimamo sahihi na bado naushikilia, lakini uzito ulipokuja ulijipinda kwa usiku mmoja tu. Sidhani dawa ni kuacha kufundishana maadili madarasani. Hata bolti huingizwa gari likiwa juu. Ila pale huwa tumeshika kwa mkono tu. Kukaza kunakuja baadaye.

Jioni tuliendesha hadi kwenye lami na kurudi. Makorongo yote. Hakuna ko! hata moja. Gari lilikuwa zuri kuliko siku lilipofika.

Jumapili baada ya ibada kijana alikuja na mkewe na watoto. Watoto waliingia kiti cha nyuma bila kukaribishwa, mdogo akaanza kuruka juu ya kiti, juu kabisa ya mkono wa kulia. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango. Nilimtazama, naye akanitazama, na hakusema ndiyo wala hapana. Nimejiuliza mara nyingi kama ule ulikuwa ukimya wa kukubali. Nadhani nilitaka uwe hivyo.

"Kaka," nilimwambia kijana, "kabla hujatoa hela, kuna kitu chini nataka ukione."

Nilitandika gunia. Alilala chali na nguo zake za kanisani. Nikalala kando yake na kumulika. Safari hii ekseli ilikuwa mahali pake na mshono haukuonekana vizuri, kwa hiyo niliushika mkono wake nikamwelekeza kidole, akaupapasa. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipotoka alijipangusa, akamwambia Baba, "Nashukuru, Mwalimu," akawaita watoto, wakaondoka kwa miguu. Pikipiki aliisukuma.

Baba hakunikaripia. Alisema, "Gari ni langu," akaingia ndani. Kwa siku tatu tulizungumza habari za chumvi na kuni.

Siku ya nne kijana alirudi na fundi. Walilikagua gari zima kuanzia mbele, jambo ambalo hakuwa na nia ya kulifanya mwanzoni, na hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea: niliposema ukweli, nilikuwa pia nimemwondolea imani iliyomfanya asikague. Alitoa milioni sita na laki nane. Alitueleza hesabu yake bila haya: laki nne za ekseli, laki tatu za hofu. Baba alikubali.

Laki saba ni hela nyingi kwetu. Nilianza mwaka wa pili kwa barua ya kuomba kulipa kwa awamu, na hadi leo nafundisha tuisheni jioni kwa watoto wa Sinza. Siwezi kusema kwamba ukweli ulilipa. Gari labda lingekaa miaka mitano. Labda hakuna ambaye angeumia, na mimi ningekuwa nimeshaiandika tasnifu yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto yule mdogo anayeruka juu ya kiti namkumbuka, na namkumbuka bila kukwepa.

Wiki iliyofuata kijana alileta ekseli ya mtumba kutoka Tunduma, juu ya pikapu ya rafiki yake. Kaka alikataa hela ya ufundi, na tukaifunga palepale uani kwetu. Safari hii nilijua wapi pa kuweka magogo na alama ya msumari ni ya nini. Tulitoa bushi za zamani za ekseli ile, tukaweka zetu mpya baada ya kuzisukuma nje ya ekseli yenye ufa kwa uangalifu kama mayai, tukaingiza bolti, tukashusha gari juu ya mbao.

Kaka alitaka abiria nyuma, ili bolti zikazwe kwa uzito ambao gari litaishi nao. Kijana akaingia upande wa kushoto. Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Nikiwa chini na spana mkononi, niliona viatu vya Baba vinakuja kutoka mlangoni, vinasimama, kisha mlango wa gari ukafunguliwa na springi zikashuka.

"Uzito unatosha?" aliuliza kutoka juu.

"Unatosha, Baba."

"Basi kaza."